Kiolezo kisiondoke na mtu

Leo siandiki juu ya rasheni. Naandika juu ya lile faili tunalobofya mara mbili ili programu iingie kwenye kompyuta: kisakinishi. Najua mtasema hayo ni ya mafundi. Ngojeni kidogo.

Hapa Kakuma, pale tunapojifunzia, intaneti inakuja na kuondoka, kwa hiyo programu tunazibeba kwa flashi. Mwaka jana tulitengeneza mbili wenyewe: kamusi ndogo na mazoezi ya hesabu kwa watahiniwa. Mmoja wetu akafunga kifurushi cha kamusi, mwingine cha hesabu. Programu zote mbili zilitegemea faili moja la .dll, kwenye folda moja ya pamoja. Siku moja tukaiondoa hesabu ili tupate nafasi. Kesho yake kamusi ikagoma kufunguka, mashine zote 12. Watu wakasema virusi. Hapana jamani, ni sisi.

Iko hivi. Ndani ya kifurushi cha MSI, Windows inafuatilia komponenti, na kila komponenti ina namba yake ndefu ya utambulisho, GUID. Programu mbili zikitumia GUID ileile kwa faili lilelile, Windows inajua faili lina wateja wawili. Mmoja akiondoka, faili linabaki kwa ajili ya mwenzake. Sisi faili moja tulilipa GUID mbili, kila mtu ya kwake. Hesabu ilipoondoka, Windows ikaona hakuna mteja mwingine, ikafuta.

Sheria zenyewe si nyingi. Faili moja mahali pamoja ni komponenti moja na GUID moja, hata likitumiwa na programu kumi. Kila .exe au .dll iwe na komponenti yake. Na ukishagawa kifurushi, usiongeze wala kupunguza mafaili ndani ya komponenti huku ukibakiza namba ileile.

Dawa ni kiolezo. Sisi tunatumia WiX, zana ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2004 ikiwa na msimbo wazi. Kifurushi unakiandika kwa XML, maandishi ya kawaida. Kipande cha faili la pamoja unakiandika mara moja, halafu kila kifurushi kinakiita. Ila kunakili tu si kiolezo. Ukinakili kamusi nzima uanzie hesabu, ukasahau kubadili UpgradeCode, Windows inaweza kudhani hesabu ni toleo jipya la kamusi, na ikaifuta kamusi. Kiolezo kizuri kinasema wazi: hapa badilisha, hapa usiguse.

Wengine wananiambia, si tunakili folda tu, tuachane na visakinishi? Kwa programu ndogo isiyogawana kitu na nyingine, sawa, nakubali. Lakini ukiwa na mashine 12 na matoleo yanabadilika, utachanganyikiwa mapema.

Sasa hoja yangu. Yule aliyefunga kamusi alipata safari ya nchi ya tatu. Tulimsindikiza kwa furaha. Laptopu ikaenda naye, na mafaili yote ya WiX humo ndani. Tukabaki kuzichimbua namba moja moja kutoka kwenye MSI iliyobaki, wiki mbili nzima, watahiniwa wanasubiri. Yeye simlaumu. Maisha yetu ndiyo haya, leo uko, kesho jina lako limetoka kwenye orodha. Ndiyo maana sheria za kazi hazifai kukaa kichwani mwa mtu mmoja.

Ndugu zetu wa mashirika, tunashukuru kwa mafunzo. Lakini mkija kuhesabu vyeti, ulizeni pia: kiolezo kiko wapi, na nani mwingine anaweza kukifungua? Siku mbili za makabidhiano mwisho wa kozi zingetuokolea zile wiki mbili.

Na sisi vijana tusingoje. Kwetu sasa kiolezo kiko kwenye flashi mbili, kwa watu wawili wa blok tofauti, na GUID za mafaili ya pamoja zimeandikwa kwenye daftari la kundi. Asiyeandika kwenye daftari, kifurushi chake hakiingii kwenye mashine. Kundi lenu nalo, kiolezo chenu kiko kwa nani?