Wimbo Usiwe Fimbo ya Kumchapia Mfiwa



Wapendwa wanaparokia, kila tarehe 22 Novemba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Sesilia, bikira na shahidi, msimamizi wa wanamuziki, na kwaya zetu humfanyia sherehe. Usiku wa manane wa kuingia tarehe hiyohiyo, mwaka 1873, meli ya abiria Ville du Havre iligongana na meli nyingine katika Bahari ya Atlantiki, ikazama kwa muda wa dakika 12 hivi. Watu 226 walipoteza maisha. Miongoni mwao walikuwamo mabinti wanne wa Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago na mzee wa kanisa la Kipresbiteri. Mkewe, Anna, aliokolewa. Alipofikishwa Cardiff alimpelekea mumewe telegramu ya kumjulisha kwamba amesalimika peke yake.

Kutokana na msiba huo ulizaliwa wimbo juu ya amani ya roho, ambao umetafsiriwa kwa Kiswahili na kuimbwa sana na ndugu zetu Waprotestanti. Sisi nasi huuimba katika mikesha ya misiba. Wapo wanaouliza kama ni halali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Uekumene ya mwaka 1964, unatuelekeza tukiri kwa furaha mema ya kweli ya Kikristo yaliyomo kwa ndugu waliotengana nasi. Nayo Konstitusio juu ya Liturujia inadai kwamba maneno ya nyimbo takatifu yapatane na mafundisho ya Kanisa. Basi wimbo upimwe kwa maneno yake na kwa mahali unapoimbwa, na utaratibu wa Misa uheshimiwe. Mkeshani, sioni kosa.

Kinachonisumbua mimi ni jambo jingine, nalo ni namna tunavyoisimulia habari ya mtunzi. Mara nyingi msibani husimama mtu, akaeleza kwamba Spafford alipoteza watoto wanne, akachukua kalamu, akaandika kwamba roho yake i shwari. Kisha humgeukia mama aliyefiwa na kumwambia: “Nawe jikaze, acha kulia, onyesha imani.” Kwa maoni yangu, maneno hayo yanamdhulumu mfiwa, yanamdhulumu Spafford, na tena yanaidhulumu Injili.

Tuyatazame maisha yenyewe. Masimulizi yanayopendwa husema kwamba wimbo ulitungwa melini, baba alipokuwa akipita karibu na mahali walipozama wanawe. Ndivyo alivyosimulia Bertha, binti yake aliyezaliwa baada ya ajali. Lakini Ira Sankey, mwimbaji aliyefuatana na mhubiri Dwight Moody, aliandika kwamba mwaka 1876 alikaa nyumbani kwa Spafford kwa majuma kadhaa, na kwamba wimbo uliandikwa humo, wakati wa ugeni wake. Sankey akiwa sahihi, kati ya msiba na wimbo ilipita miaka mitatu hivi. Miaka mitatu ya meza yenye viti vinne vitupu! Philip Bliss aliyeutungia sauti aliuita muziki wake kwa jina la meli ile, kana kwamba hakutaka waimbaji wasahau gharama yake.

Wala wimbo haukukomesha machozi. Mwaka 1880 mtoto wao wa kiume, aliyezaliwa baada ya ajali, alifariki kwa homa ya vipele vyekundu. Bertha ameeleza kwamba walikuwapo Wakristo waliojiuliza ni dhambi gani iliyowaletea wazazi hao mapigo mengi kiasi hicho. Akina Spafford walitengana na kanisa lao, na mwaka 1881 walihamia Yerusalemu pamoja na wenzao wachache, wakawahudumia wahitaji bila kubagua Mwislamu, Myahudi au Mkristo. Huko ndiko Horatio alikofariki mwaka 1888. Sitetei kila fundisho la jumuiya yao. Nasema tu kwamba mtu yuleyule tunayemtumia kuwanyamazisha wafiwa, yeye mwenyewe aliumizwa na maneno ya waumini wenzake.

Si yeye peke yake. Joseph Scriven, Mwairishi aliyehamia Kanada, ndiye mwenye wimbo maarufu unaomtaja Yesu kuwa rafiki. Aliuandika yapata mwaka 1855 ili kumfariji mama yake aliyekuwa mbali. Inasimuliwa kwamba mchumba wake alikufa maji siku moja kabla ya harusi. Na mchumba wa pili naye alifariki kabla ya ndoa. Scriven aliwapasulia kuni maskini bila malipo. Hata hivyo uzeeni aliugua, akalemewa na huzuni, na Agosti 1886 alikutwa amekufa majini. Hadi leo haijulikani kama ilikuwa ajali. Je, wimbo wake ni uongo? Hasha! Aliyemwita Yesu rafiki aliendelea kumhitaji Rafiki huyo hadi pumzi ya mwisho.

Naye Fanny Crosby wa New York, aliyepofuka akiwa na umri wa majuma machache tu, alitunga nyimbo zaidi ya 8,000, akilipwa dola moja au mbili kwa wimbo. Aliishi kati ya maskini na kuwatembelea walevi katika nyumba za misheni hadi uzeeni. Alimzika mtoto wake wa pekee akiwa bado mchanga. Mwanamke huyo mwenye maneno mengi hivyo alisema machache mno juu ya kaburi hilo. Yapo maumivu ambayo hata mtunzi wa nyimbo elfu nane huyaacha kimya mbele ya Mungu.

Ndugu zangu, Bwana wetu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia kaburini. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo huduma yao pekee iliyokuwa njema. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Najua wapo waliofarijiwa kweli na habari ya Spafford. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini faraja humfaa mtu anapoipokea kwa hiari yake. Akilazimishwa huwa mzigo wa pili juu ya jeneza.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista na wanakwaya: mwimbeni Bwana msibani, lakini imbeni kwa niaba ya mfiwa, msiimbe dhidi yake. Akishindwa kuimba, sauti zenu zimbebe. Akilia, lieni naye. Na baada ya arobaini, nyimbo zikiisha na watu wakitawanyika, rudini mkabishe hodi, kwani huenda amani ya rohoni ikachukua miaka mitatu kufika.

Tuwaombee marehemu wetu wote, na watunzi hawa pia. Raha ya milele uwape, ee Bwana.

Wenu katika Kristo,
Paroko