Banlieue 13: miguu A, hadithi D

Jamani, jana usiku nimeacha andalio la somo mezani nikakaa kuangalia Banlieue 13, muvi ya Kifaransa ya 2004. Mwanzo tu nikasema leo nimepata! Stelingi, Leito, anawakimbia majambazi, anapenya kadirisha kembamba juu ya mlango, mara yuko juu ya mapaa. Anayeruka ni David Belle mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa parkour.

Baada ya hapo hadithi ikaanza kuchechemea. Serikali imezungushia ukuta mtaa wa maskini pembeni ya Paris. Si hapo ndipo penye neno? Lakini wapi, tunaletewa bomu na saa ya kuhesabu. Wakazi karibu wote wahuni tu. Lola, dada yake Leito, mwanzoni jeuri kweli, halafu anafungwa mnyororo kama mbwa, anasubiri kuokolewa. Iliniudhi.

Mwaka 2005 vitongoji vile vililipuka ghasia za kweli. Vijana wa kule walistahili kusikilizwa, sio kugeuzwa pazia la nyuma ya sarakasi.

Ningekuwa nasahihisha: miguu A, hadithi D. Itazameni, ila mkichoka maneno, zimeni sauti. Hamtakosa kitu.