Nyumba za Vijijini Nje ya Daftari la Kodi

Katika sensa ya mwaka 2022 Tanzania ilihesabu majengo pamoja na watu kwa mara ya kwanza. Yalipatikana majengo 14,348,372, na zaidi ya milioni 13.9 kati yake yako Bara. Mwaka huohuo operesheni ya anwani za makazi ilibandika namba milangoni hadi vijijini. Hivyo serikali haiwezi tena kusema haijui nyumba zilipo. Lakini ukiuliza ni zipi kati ya hizo zinalipiwa kodi ya majengo, jibu linatafutwa kwenye mita ya umeme.

Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Utaratibu huu una sifa zake, na wanaoubeza husahau foleni na usumbufu wa zamani. Hauhitaji mthamini wala mgambo, na mlipaji anajua anachodaiwa. Kasoro yake ni kwamba unaona mita, hauoni jengo. Kiwanja chenye nyumba tatu zinazotumia mita moja huhesabiwa kama nyumba moja. Ghala la mfanyabiashara wa mpunga lisilo na umeme halionekani kabisa, wala gesti ya kando ya ziwa inayowasha taa kwa sola. Mwenye jengo lisilo na mita anaweza kudaiwa kwa njia nyingine, lakini nani atamfuata huko?

Hata nyumba zinazoonekana hazipimwi kwa haki. Jumba la kifahari lisilo na ghorofa, lililojengwa mlimani Kilimanjaro na mtu anayeishi Dar es Salaam na kufunguliwa Desemba tu, liko kundi moja na nyumba ya vyumba viwili ya tofali za kuchoma. Yote mawili ni nyumba ya kawaida.

Wapo wanaosema vijiji viachwe, kwa sababu wananchi wake ni maskini na gharama ya kukusanya itazidi kitakachopatikana. Kuhusu nyumba ya mkulima nakubaliana nao. Sheria yenyewe inaziacha nyumba za udongo na za nyasi, na inafanya vyema. Lakini tusidanganyane kwamba kijiji hakitozwi. Mkulima akiuza mazao yake, ushuru wa halmashauri unamsubiri: asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, viwango vilivyowekwa mwaka 2017 badala ya asilimia 5 ya awali. Ushuru huo unahesabiwa juu ya mauzo, iwe amepata faida au hasara. Anayelima ekari mbili za mahindi anachangia halmashauri, huku mwenye ghala ambamo mahindi hayo yanalala yakingoja bei ipande akiwa hajaandikwa popote. Huo ni mzigo uliobebeshwa bega lisilo lake, na ndiyo sababu suala la daftari haliwezi kuachiwa maofisa wa mapato peke yao.

Hofu ya wananchi nayo ina historia. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliijua kama kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na wazee bado wanakumbuka wanaume wakikimbilia porini mgambo walipoingia kijijini. Ukienda leo kuandika nyumba, mtu wa kwanza atakayekukimbia ni yule ambaye hustahili kumtoza.

Italia ilipitia jambo hili la kuandika majengo yaliyo nje ya daftari. Mwaka 2006 ilianza mpango wa kulinganisha picha zilizopigwa kutoka angani na ramani za usajili wa ardhi, na ikakuta zaidi ya vipande milioni 2 vya ardhi vyenye majengo yasiyosajiliwa. Wanasiasa wangetarajia hasira za wapiga kura. Watafiti Lorenzo Casaburi na Ugo Troiano waligundua kinyume chake: mahali mpango ulipofichua majengo mengi zaidi, meya aliyekuwa madarakani aliongeza nafasi yake ya kuchaguliwa tena, hasa pale huduma za umma zilipoendeshwa vizuri. Watu hawakuchukia ukwepaji kukomeshwa, mradi waone fedha zinafanya kazi.

Hapo ndipo sisi tumekwama. Julai 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kutoka halmashauri. Halmashauri isiyokusanya kodi hiyo yenyewe haina msukumo wa kuandika jengo jipya, na mtendaji wa kijiji ana msukumo mdogo zaidi. TRA nayo haiwezi kujua kwamba mwezi uliopita fremu nne zimeongezwa kwenye senta ya kijiji. Anayejua ni mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji, na hao hawaulizwi.

Daftari la majengo lianzie kijijini, kwa takwimu za sensa na namba za anwani ambazo tayari zimelipiwa. Lisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji ili aliyeachwa atajwe na aliyeonewa aseme. Nyumba anayoishi mkulima iandikwe kwa kodi sifuri, tena iandikwe hivyo waziwazi ili hofu imtoke. Watozwe wenye gesti, maghala, fremu za biashara na majumba ya mapumziko. Na sheria itaje sehemu ya fedha itakayobaki kijijini, isiyongoja huruma ya hazina.

Wabunge wanaotoka majimbo ya vijijini wanapaswa kuidai sehemu hiyo kabla ya kupitisha kiwango kingine kipya cha kodi hii. Nawe msomaji wa kijijini, mkutano mkuu ujao ukiitishwa, muulize mtendaji majengo ya biashara yaliyopo ni mangapi na yapi yanalipa.