Katana: mgongo ukikataa, jembe ndilo libadilike

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini, ukiisha kupita Kavumu, utaona picha ileile kandokando ya barabara mpaka Katana: akina mama wameinama, kichwa karibu na magoti, jembe lenye mpini mfupi linapanda na kushuka. Tumeizoea picha hiyo hata hatuioni tena. Mimi nilianza kuiona siku mama yangu mkubwa aliposhindwa kunyooka.

Yeye ni mlimaji wa Katana. Tangu utoto analima maharagi, mihogo na mahindi kwenye kilima. Miaka michache iliyopita kiuno kilianza kumuuma, kisha vidole vya mkono wa kuume vikawa vinavimba kila asubuhi. Akaenda kutafuta matibabu. Wakampa vidonge, na munganga akamwambia: «Mama, uache kulima.» Hakumwambia atakula nini. Alikaa nyumbani siku tatu. Siku ya nne akarudi shambani, akalima akipiga magoti.

Sisi wote jamaa tuliuliza swali moja: mama ana ugonjwa gani? Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: na jembe lake liko namna gani?

Ninaandika juu ya swali hilo la pili. Kwetu, mtu akishindwa na jembe tunasema amezeeka, amekuwa kilema, au ni mvivu. Mimi ninasema kwamba mara nyingi chombo ndicho kilichomshinda, na chombo kinaweza kubadilishwa kwa bei ndogo kuliko vidonge vya mwaka mmoja.

Wazee wetu hawakuwa wajinga kuchagua mpini mfupi. Vilima vya Katana vina mteremko mkali. Ukisimama ukitazama juu, udongo uko karibu na mikono yako, na mpini mrefu ungekusumbua. Katikati ya migomba mpini mrefu unagonga kila fasi. Jembe fupi lina nguvu ya kuvunja udongo mgumu. Lakini chombo hicho kilifikiriwa kwa mwili wa kijana mzima, wenye kiuno laini na vidole vyenye kufunga vizuri. Tena tunakitumia kwa kazi zote: kuvunja udongo, kupanda, kupalilia, hata mahali pa tambarare karibu na ziwa ambapo hakuna sababu ya kuinama.

Kuko watu waliopeleka jambo hili mbele ya mahakama. Katika jimbo la California, nchini Marekani, wafanyakazi wa mashamba ya saladi, wengi wao wenye asili ya Mexico, walilazimishwa kutumia jembe fupi lililoitwa kwa Kihispania el cortito, maana yake «kale kafupi». Migongo yao iliharibika wangali vijana. Wenye mashamba walisema jembe refu litaharibu mimea. Lakini jembe fupi lilikuwa na faida nyingine kwa wasimamizi: mfanyakazi akinyooka kupumzika, anaonekana kutoka mbali. Mwaka wa 1975 Mahakama Kuu ya California iliwapa haki wafanyakazi, na mwaka huohuo jembe hilo likakatazwa. Saladi iliendelea kuota.

Sisi hatuhitaji kulikataza jembe fupi. Tunahitaji kuacha kufikiri kwamba jembe ni moja kwa watu wote.

Mambo yenyewe si makubwa. Kwa kupalilia mahali pa tambarare, mpini unaweza kufika kifuani, na chuma kiwe kidogo na chepesi. Hapo kuna kosa moja la kuepuka: kutia mti mrefu kwenye jembe la kawaida tu. Muhunzi sharti aipinde upya shingo ya jembe, ili makali yaingie udongoni mama akiwa amesimama. Bila hivyo ataendelea kuinama, tena akibeba mzigo zaidi. Jembe la zamani lililoisha nusu linafaa sana kwa kazi hiyo, likinolewa kwa tupa. Makali mazuri yanaokoa bega kuliko dawa ya kupaka.

Kwa vidole vinavyouma, mpini uzungushiwe mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli lililozeeka. Ukiwa mnene na usioteleza, mkono hauna lazima ya kuufunga kwa nguvu. Kwa kupanda maharagi, mti wa mwanzi uliotobolewa ndani unatosha: unatoboa udongo kwa fimbo, unaweka mwanzi juu ya shimo, unaangusha mbegu ukiwa umesimama. Kwa maji, mabidoni mawili ya lita 5 badala ya moja la lita 20. Mwenye magoti mabaya atafute kiti kifupi, na mwenye kupiga magoti ashone gunia lililojazwa maganda makavu ya maharagi.

Na mwenye asiyeweza kabisa kushuka chini, udongo upandishwe kwake. Lengalenga, vitunguu na kabichi vinaota kwenye gunia karibu na mlango, ao kwenye meza ya mianzi iliyojazwa udongo mpaka kimo cha kiuno. Mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingiza magoti chini ya meza hiyo, kama tu njia ya kufikia pale ni pana na haina mawe.

Ujuzi tunao. Vijana wa Goma walichonga chukudu kwa mbao, na leo chukudu ina sanamu yake katikati ya mji. Kwenye mipaka yetu na Rwanda, watu wenye ulemavu wanavusha biashara kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Katika Bukavu, kituo cha Heri Kwetu kinawasaidia watu waliokatwa miguu ao mikono kupata viungo bandia. Lakini mtu akisharudi Katana na mguu mpya, anapewa jembe lilelile la zamani. Kazi inaishia nusu ya njia.

Sheria nayo tunayo. Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2015, na tarehe 3 Mei 2022 nchi ikatoa sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Tukisikia sheria hizo tunafikiri ngazi za ofisi na shule. Ni vema. Lakini kwa mlimaji wa Kabare, ofisi ni shamba. Kama hawezi kushika chombo cha kazi, mlango umefungwa mbele yake sawasawa na ule wenye ngazi.

Ninajua kuko wenye kuniambia: «Bwana mwandishi, tuko katika vita, na wewe unatuhubiria mipini?» Ninawaelewa. Mwezi wa pili 2025 M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha wakaingia Bukavu. Benki zilifunga milango, na watu wengi walikosa mishahara. Kwa sababu hiyo hasa ninaandika. Wakati makuta hayako, kipande cha shamba ndicho kinacholisha nyumba. Tena vita vinaongeza watu wenye majeraha ambao wataomba kulima kesho. Na mwenye kukodi shamba kwa bwasa analipa hata kama mgongo haukumruhusu kuvuna. Akishindwa misimu miwili, shamba linaenda kwa mwingine, na yeye anabaki kungoja sahani ya jirani.

Basi ninaomba vitu vitatu. Kwanza, mashirika yenye kugawa majembe yaache kununua mia tano ya namna moja. Waweke namna mbili ao tatu, na kila mtu ashike, ajaribu, achague kabla ya kutia kidole kwenye orodha. Makuta hayo yanunuliwe kwa wahunzi wa hapa, kwa sababu muhunzi wa karibu ndiye anayeweza kurekebisha. Pili, shule zetu za kilimo, kama ITAV Mushweshwe, ziwafundishe wanafunzi kupima si udongo tu, bali pia mwili wa mtu anayeulima. Mwanafunzi mmoja na muhunzi mmoja wanaweza kutengeneza mengi kwa likizo moja. Tatu, sisi watoto tulioenda mjini: tunapotuma makuta ya vidonge, tuongeze ya mpini.

Na waganga, kabla ya kusema «uache kulima», waulize: «Unalima kwa kutumia nini?»

Mama mkubwa sasa ana magunia manne ya lengalenga na vitunguu kando ya mlango, na jembe dogo lenye mpini mrefu uliozungushiwa mpira. Maumivu hayakuisha. Kilimani hapandi tena. Huko tunalipia vijana. Lakini mboga ya nyumba ni yake, na ziada anaipeleka mwenyewe sokoni. Mara ya mwisho nilipomtembelea alinituma niende kwa muhunzi na jembe la pili. Nilidhani lake limevunjika. «Hapana», akaniambia, «ni la jirani. Yeye pia amekataa kukaa.»