Wabunge wetu, anzeni na Ibara ya 41(7)

Vijana wenzangu, Bunge la Bajeti likianza Dodoma kila mtu atakuwa na lake: maji, barabara, mikopo ya vyuo. Sawa, yasemwe. Ila kwangu mimi ninayesoma sheria, la kwanza ni Ibara ya 41(7) ya Katiba. Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ubunge unapingwa Mahakama Kuu, urais hapana! Mahakama ya Afrika, hapo hapo Arusha, ilishasema mwaka 2020 kwamba hii inakiuka haki. Ibara bado ipo. Kuibadili kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, na sisi ni wachache mno, tunajua. Basi pelekeni muswada binafsi, dai kura ya majina, kila mpiga kura amsome mbunge wake kwenye Hansard.