Mfundishe mtoto chesi kabla simu haijamfundisha kubeti

Ukipita kwenye vibanda vya vinyago hapa Malindi utaona bodi za sataranji, au chesi kama wengi wetu tunavyoiita, zimepangwa juu ya meza zikisubiri wageni. Nyingi zimechongwa kwa mawe laini ya Tabaka, kule Kisii. Kwenye zingine farasi amegeuzwa twiga na mfalme ni Mmaasai aliyeshika mkuki. Mtalii wa Kiitaliano anainama, anainua malkia, anauliza bei, wanavutana kidogo, bodi inafungwa kwa gazeti, anaondoka nayo.

Hebu siku moja muulize anayeuza: hii inachezwaje? Mimi nilizunguka vibanda vinne. Watatu walicheka. Wa nne akaniambia, "Broo, mimi nauza tu."

Usimcheke. Ndiyo hali yetu wengi. Tunachonga mchezo, tunaupiga msasa, tunauuza, halafu watoto wa wageni ndio wanaoucheza. Leo nataka kukushawishi wewe mzazi, wewe dada mkubwa, wewe mjomba unayeshinda na wapwa wikendi, ununue au utengeneze bodi moja ibaki nyumbani kwako.

Kwanza nikwambie ninayesema ni nani. Mimi si bingwa wa chesi na si mwalimu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Watu wakiniuliza huwa nasema "karo ilikosekana", na si uongo kabisa. Ukweli wote ni huu: mamangu alinitumia karo ya muhula kwa simu, pesa ya mahamri na mbaazi anazouza tangu alfajiri. Nikaona niizungushe kidogo kabla ya kulipa. Ijumaa niliweka elfu mbili kwenye mechi, zikarudi elfu tano. Jumamosi nikaweka zote. Jumapili jioni sikuwa na karo wala maneno ya kumwambia mama.

Na sikubeti kwa kutojua hesabu. Hesabu nilikuwa napita vizuri tu. Nilichokosa ni kitu kingine: hakuna aliyewahi kunifundisha kukaa na uamuzi dakika mbili kabla sijaufanya.

Chesi nilijifunza baadaye, kwa simu ileile iliyonimaliza, wakati sina kazi na sina pa kwenda. Siku hizi kila Jumamosi namfundisha mpwa wangu wa miaka tisa, barazani kwa dadangu. Wiki za kwanza ilikuwa vurugu. Akiona askari wangu amekaa peke yake, anamrukia na malkia wake bila kutazama kushoto wala kulia. Farasi wangu anamla malkia. Mtoto analia. Tunapanga kete upya, tunaanza tena.

Mwezi wa pili nikamwekea mtego uleule. Akanyoosha mkono, ukasimama hewani, akaurudisha na kuukalia. Kweli, akaukalia! Akautazama ubao muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mjomba, huyu askari wako mbona wa bure?"

Ndugu msomaji, mimi nilitamani kumkumbatia. Swali hilo moja lingeniokolea karo ya muhula mzima.

Fikiria ni mara ngapi kijana wa Malindi, Watamu au Kilifi anawekewa askari wa bure. Bonasi ya kubeti inayoingia kwenye simu saa sita usiku, hukuiomba. Dalali anayekuja kwa mzee na bahasha, ataka sahihi leo leo, na shamba la babu liko karibu na bahari. Ajenti wa kazi za Ghuba anayekwambia mkataba utausomea ukishafika. Mgeni wa umri wa babu anayemnunulia binti wa shule simu mpya, ati ni zawadi tu. Wote hawa wanategemea kitu kimoja: kwamba utanyoosha mkono haraka kabla hujauliza mbona ni wa bure.

Wahenga walishasema haraka haraka haina baraka, na kila mtoto wa Pwani ameisikia methali hiyo mpaka imemchosha. Tofauti ni kwamba kwenye chesi haambiwi, anayaona. Ameharakisha, malkia ameenda, na dakika kumi zinazofuata atazicheza bila malkia.

Kuna sheria moja kwenye mashindano ambayo naipenda kuliko zote: ukigusa kete yako, lazima uicheze. Hakuna "nilikuwa najaribu tu". Hakuna "rudisha, sikuona". Kabla ya kugusa una uhuru wote wa dunia, ukishagusa umejifunga. Mtoto akizoea hilo mapema, anajua kuwa mahali pa kufikiri ni kabla.

Halafu kuna kushindwa. Kwenye soka utamlaumu refa, uwanja, au yule beki aliyelala. Kwenye karata utalaumu karata zenyewe. Kwenye chesi hakuna kete zinazofichwa na hakuna bahati ya kurushwa. Mnaanza na kete 16 kila mmoja, na kila kitu kiko wazi mbele yenu. Ukishindwa, umeshindwa wewe. Mtoto anajifunza kusema "nimekosea pale" bila dunia kuisha, maana baada ya dakika moja kete zimepangwa upya. Mimi nilipokosea pale nilijificha mama miezi minne. Sikuwa nimewahi kufanya mazoezi ya kukosa mahali ambapo gharama yake ni ndogo.

Sasa nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Utasikia watu wakisema chesi itampandisha mtoto alama za hisabati. Uingereza walilipima jambo hilo katika shule 100 za msingi, na ripoti ikatoka 2016: mwaka mmoja baada ya mafunzo, watoto waliofundishwa chesi hawakuwa wamewapita wenzao kwenye hisabati. Kwa hivyo ukimnunulia mtoto bodi ukitarajia ripoti ya shule ing'ae, utajilaumu. Alama nzuri nilikuwa nazo mimi, na unaona nilipoishia.

Ninachokuahidi ni kidogo zaidi, lakini nimekiona kwa macho yangu: mtoto anayeweza kukaa kimya dakika ishirini, anayejiuliza mwenzake anawaza nini, na anayejua kushindwa bila kupindua meza.

Na wakati mwingine mlango hufunguka. Nenda Katwe, mtaa wa mabanda Kampala. Phiona Mutesi alikuwa mtoto aliyeacha shule kwa kukosa karo, akiuza mahindi barabarani. Alimfuata kakake kwenye mradi wa Robert Katende, ambako watoto walikuwa wakipewa uji na kufundishwa chesi. Alifuata uji. Mwaka 2010 alikuwa Urusi akiiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi, baadaye akarudi shule mpaka akaenda kusoma chuo Marekani. Filamu ya Queen of Katwe ya 2016, ile ambayo Lupita Nyong'o wetu aliigiza kama mamake, ni kisa chake.

Au mtazame Tunde Onakoya wa Nigeria. Chesi alijifunzia kwa kinyozi. Mwaka 2018 alianzisha mradi wa kuwafundisha watoto wa mitaa ya mabanda Lagos, na Aprili 2024 alicheza saa 60 mfululizo pale Times Square, New York, akichangisha pesa za elimu ya watoto. Kwa kinyozi! Na sisi hapa kila kona ina kinyozi mwenye benchi la mbao na vijana sita wasiosubiri kunyolewa.

Najua utakachoniambia. Kwanza, bao si tunalo? Tunalo, na ni mchezo wa akili kwelikweli. Bao la Kiswahili lina kete 64, na ubao wa chesi una miraba 64, kama vile waliagana. Lakini tuseme ukweli: barazani tumewaachia wazee wa kiume. Mtoto akisogea anatumwa maji, na msichana hata hasogei. Nikiona mzee amemkalisha mjukuu wake wa kike mbele ya ubao wa bao, nitafurahi vilevile. Chesi ina faida moja ya ziada: kanuni zake ni zilezile dunia nzima. Mtoto wa Mnarani anaweza kumcheza mtoto wa Poland kwa simu, bila kulipa, na hakuna atakayemuuliza anatoka wapi. Na kwa wasichana nakwambia hivi: dadake mpwa wangu ana miaka saba, alikuwa anatazama tu, na sasa ndiye anayenitoa jasho.

Pili, dini. Wako wazee wanaoukataa mchezo huu, na sina ubishi nao. Maulamaa wametofautiana tangu zamani: wengine wameuzuia, wengine wameuruhusu mradi hakuna kamari na hauvurugi sala. Muulize shekhe wako, umheshimu. Kwa dadangu sheria ni mbili tu: hakuna pesa mezani, na adhana ikisikika kete zinasimama hapo zilipo.

Tatu, pesa. Zile bodi za vinyago ni ghali, kweli. Lakini watoto wetu wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda miaka yote. Chukua kipande cha katoni, chora miraba minane kwa minane. Chukua vifuniko 32, andika kwa kalamu: M ya mfalme, F ya farasi. Bodi ya kwanza ya mpwa wangu ilikuwa hiyo. Kanuni hujui? Jifunzeni pamoja kwa simu. Mtoto akigundua kuwa hata wewe unakosea, atakaa kwa raha zaidi.

Na ninyi mnaouza vinyago: zile bodi ambazo farasi mmoja amevunjika sikio na mtalii hazitaki, msizitupe. Pelekeni shule ya jirani. Walimu, mtaala wetu wa umilisi unataka watoto wajifunze kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Saa moja ya Ijumaa alasiri inatosha. Vinyozi, benchi lenu mnalo tayari.

Jina lenyewe limesafiri mbali kutufikia. Wahindi wa kale waliuita mchezo wao chaturanga, Waajemi wakasema chatrang, Waarabu wakasema shatranj, na Kiswahili kikasema sataranji. Bahari hii ilituletea neno, tukalitia kwenye kamusi, na mchezo tukauweka mezani uwasubiri wageni.

Chuo sijarudi. Mama nilimwambia, mwishowe. Hakupiga kelele, alinyamaza, akaendelea kukanda unga, na hiyo ilinichoma kuliko kelele. Deni lake nalilipa kidogo kidogo. Siwezi kurudisha kete niliyogusa.

Lakini kuna mtoto wa miaka tisa hapa mtaani ambaye miaka michache ijayo atashika simu yake mwenyewe, na usiku mmoja itamletea bonasi. Naomba usiku huo aukalie mkono wake kwanza, aulize lile swali lake. Wako nyumbani, ataliuliza?

Jumamosi hii, katoni moja na vifuniko 32. Anza.