Wiki ya Mwisho ya Agosti
Katika wiki ya mwisho ya Agosti fukwe za Ufaransa bado zimejaa watu, ilhali madukani madaftari na mikoba ya shule imeshapangwa mbele. Watoto wangali na mchanga miguuni. Wazazi wameshaikunjua orodha ya vifaa iliyotumwa na shule. Likizo ya wanafunzi huanza mapema Julai na kuendelea hadi mwanzoni mwa Septemba. Ya wazazi ni fupi zaidi, na haikushuka tu kama mvua: baada ya migomo mikubwa ya mwaka 1936, serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Wiki hizo zikawa tatu mwaka 1956, nne mwaka 1969 na tano mwaka 1982. Kiangazi kile cha 1936 wafanyakazi wengi waliiona bahari kwa mara ya kwanza, wakisafiri kwa tiketi za treni zilizopunguzwa bei. Siku hizi familia zenye kipato kidogo hupata pia posho ya kurudi shuleni, inayolipwa Agosti. Lakini kinachokaribia kwisha ndicho huliwa taratibu, na chakula cha jioni katika wiki hiyo ya mwisho ya likizo hurefushwa mpaka giza liingie. Wapo wanaowahi kuondoka ili kukwepa foleni barabarani. Hao huokoa saa chache na kupoteza jioni tamu kuliko zote.